Kitanda Kilichohamia Kawangware

Kawangware, kwa Wabwire fundi wa meza
3 Oktoba 1984

Kavetsa bibi yangu,

Salamu nyingi, zishike vizuri zisimwagike. Mimi niko mzima, mgonjwa ni kitanda yetu. Ilifika Kawangware salama juu ya mkokoteni ya Nashon, lakini imekataa kuingia kwa mlango ya Wabwire. Tumejaribu kichwa, tumejaribu miguu, tumejaribu ubavu. Wabwire akapima na ile futi yake akasema, "Ndugu yangu, hapa ni mlango utolewe ama kitanda ikatwe." Nikamwambia ukikata hiyo kitanda, na mimi nakukata wewe. Hiyo ndiyo mali ya kwanza mimi na bibi yangu tulinunua.

Sasa imesimama nje, imefungwa kwa nguzo ya kuanikia nguo, na kuku za Mama Nduta mwenye ploti zimepanda juu zinalala kama wageni wa hoteli. Mimi mwenye kitanda nalala chini kwa maranda. Wabwire anakoroma kama mashine ya kusaga unga.

Watu hapa wananiuliza, "Wewe Shiundu, umeoa juzi tu, umeshafukuzwa?" Nawaambia hapana, mama mkwe amekuja Nairobi kutibiwa macho, na nyumba yetu Laini Saba ni chumba moja. Wale wa kwetu magharibi wakisikia hivyo wanatingisha kichwa, pole ndugu. Wanajua mtu hawezi kulala chini ya mabati moja na mama mkwe, na mama mkwe hawezi kulala kwa kitanda ya mkwe wake. Lakini kuna Mkamba hapa, Musau, ameniuliza, "Sasa si ungeweka pazia?" Pazia! Nikamwambia heshima haiwekewi pazia. Baba yangu huko Butere alikutana na mama mkwe wake kwa njia ya mto, akaruka kwa mtaro pamoja na ng'ombe yake. Mimi nimezaliwa na hiyo damu.

Biashara nayo ni kucheka tu. Ile gunia ya viatu vya mitumba nilinunua soko ya Toi, nimefungua jana. Yote ni ya kushoto. Yote, Kavetsa. Nikaviangalia, vikaniangalia. Lakini usiogope, biashara ni mdomo.

Barua zako mpatie Nashon akileta makaa huko. Hajui kusoma, na hata angejua hana umbea. Msalimie huyo mama yetu mheshimiwa, lakini kwa mbali. Jina yake siwezi kuandika, hata kalamu imeona haya.

Nimekosa hata ile tabia yako ya kuniibia blanketi.

Mume wako,
Shiundu


Laini Saba
12 Oktoba 1984

Shiundu,

Barua yako ilifika imejaa vumbi la makaa. Nimeisoma mpaka pua ikawa nyeusi.

Mama alipasuliwa jicho Jumanne, na jana wakamwachilia. Jicho moja limefungwa bandeji, lile lingine lina ukungu wake wa siku zote, kwa hivyo sasa ananijua kwa sauti tu. Bandeji itatolewa Ijumaa ya tarehe ishirini na sita. Mpaka siku hiyo asiiname, asibebe kitu, na asikasirike. Nikamwuliza daktari, hiyo ya tatu mnayo dawa yake? Akacheka. Yeye hamjui mama.

Tunalala kwa mkeka na godoro la Sella, jirani. Mama amepapasa ukuta wote, akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwambia mkwe wako amekibeba kwa sababu ya heshima yako. Akasema, "Huyo mtu, kwao walimlea." Nilijifanya natafuta chumvi nisicheke mbele yake.

Unajua hajawahi kukuona? Siku ya mahari yeye alikuwa jikoni ndani ya moshi, na wewe ulikuwa huko mbele umeinamisha kichwa, wajomba wanakusemea. Hata sauti yako hajawahi kusikia. Anakupenda kwa sifa tu, na hizo sifa nimempa mimi, kwa hivyo usije ukaniharibia.

Kwa huu ukame, unga madukani ni ule wa njano tu. Mama anakula ugali anasema, afadhali sioni.

Usije. Nakujua wewe. Hata kama utapita huku, pita mbali.

Nyumba imekuwa kimya sana. Jana nilijaribu kujichekesha mwenyewe nikiosha sufuria. Sijui wewe huwa unafanya aje.

Wako,
Kavetsa


Kawangware
15 Oktoba 1984

Bibi yangu wa dirishani,

Ulisema nipite mbali, na mimi jana nikapita mbali. Dirisha si iko mbali na mlango?

Mluzi ni ile tu ya zamani, ile nilikuwa nakuitia kwa bomba ya maji kabla sijakuoa. Nilitaka tu kujua kama bado inafanya kazi. Na ilifanya! Ulitoka na karai, eti unaenda kumwaga maji. Maji gani, Kavetsa? Karai ilikuwa kavu kama Ukambani.

Vile tulisimama nyuma ya bafu ya mabati ya Sella, na wewe umejishika mdomo usicheke, nilisahau kama mimi ni mtu ameoa. Nilijiona kama kijana anatongoza, na anaogopa kukataliwa. Nilirudi Kawangware kwa miguu na sikusikia hata jiwe moja.

Leo nimeuza kiatu. Kuna mzee hapa wa mguu moja, na Mungu ni mwema, mguu iliyobaki ni ya kushoto. Lakini huyo mzee ni mjanja kuliko mimi. Akaniambia, "Kijana, hii ni nusu ya viatu, nitalipa nusu ya bei." Nikamwambia mzee, wewe ndiye kastoma peke yake nchi hii anaweza kununua bila hasara, unanibana hivyo? Tukacheka. Akalipa nusu.

Nakuja tena Jumatano jioni. Usiandike kukataa, barua haitafika, mkokoteni ya Nashon iko na pancha.

Mimi yule yule,
Shiundu


Kawangware
18 Oktoba 1984

Kavetsa,

Bado niko na sukuma wiki kwa sikio.

Nilipiga mluzi ya kwanza, kimya. Ya pili, nikasikia dirisha inafunguka. Nikasogea karibu na meno yangu yote nje. Nikapata maji ya kuoshea sufuria, usoni yote, hakuna hata tone moja ilipotea. Huyo mama hana macho lakini analenga kuliko askari.

Wewe ulikuwa umeenda kwa bomba, kwa hivyo wacha nikuambie vile alisema, kwa sababu nimeshika neno kwa neno. Alisema, "Wewe kijana! Huyu msichana ni bibi ya mtu! Ako na bwana mwenye adabu, bwana amebeba kitanda yake akaenda kulala kwa watu kwa sababu yangu. Wewe unaweza kubeba hata kijiko kwa sababu ya mama ya mtu? Toka! Shiundu akikupata atakuvunja hiyo midomo ya ndege!"

Nilitaka kumwambia, mama, Shiundu ameshanipata. Lakini kwetu mkwe hajibu. Nikakimbia na heshima yangu yote, inatiririka maji.

Nilipofika kwa reli nikasimama. Unajua mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu, na shule yangu ikaishia hapo. Tangu hiyo siku hakuna mtu amewahi kugombana na mtu kwa sababu yangu. Watu wamegombana na mimi, hiyo iko nyingi. Lakini kunitetea? Sasa huyu ananitetea mimi, na anayenifukuza ni mimi. Nilicheka mpaka nikalia, ama nililia mpaka nikacheka, sijui gani ilitangulia. Kuna mtu alipita akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa.

Shati nimeanika kwa kitanda. Kuku zimekubali kusogea.

Shiundu, mlowa maji


Laini Saba
19 Oktoba 1984

Shiundu,

Wewe unacheka. Hii barua isome ukiwa umekaa.

Mama alisikia mluzi tangu ile Jumapili. Akaniuliza huyo ni nani. Nikasema ni muuza mafuta ya taa. Akasema, "Hayo mafuta yanachekesha? Umetoka na karai tupu, umerudi na mashavu ya moto. Nimeyagusa." Nikaenda kuosha karai.

Sasa baada ya Jumatano amekata shauri. Ijumaa bandeji ikitolewa, Jumamosi tunapanda basi ya Mbale kwenda kwetu Maragoli, yeye na mimi. Amesema, "Sitaki Shiundu arudi akute nyumba yake imeingiliwa. Nitakuweka kwetu. Akitaka bibi yake aje na wazee wao, nimkabidhi mbele ya watu." Anakulinda, Shiundu. Anakulinda mpaka ananihamisha.

Na hao wazee utawatoa wapi? Wajomba wako kwa sababu ya mahari walikaa mwaka mzima wakitafuta siku nzuri. Sitaki kukaa mwaka mwingine nikikungoja.

Utaniuliza kwa nini sisemi ukweli. Nikisema, basi yule mtu wa kitanda ndiye yule mtu wa mluzi. Mkwe anasimama kwa dirisha la mama mkwe anapiga mluzi kama anaita mbuzi! Kwetu jambo kama hilo linaimbwa mpaka matangani. Hatakutaja tena kwa jina zuri. Nikinyamaza, mimi ndiye mwanamke mbaya wa Laini Saba, na wewe unabaki malaika.

Basi nimenyamaza. Mama yangu mzazi ananigeuzia mgongo kwa mkeka mmoja, na mimi nalia chini ya leso polepole, kwa sababu daktari alisema asikasirike.

Sema kitu, malaika.

Kavetsa


Kawangware
21 Oktoba 1984

Sella jirani mwema,

Hii barua msomee mama. Kavetsa akiwa ndani, mtume bomba. Soma polepole na usiongeze chumvi.

Kwa Mama Mheshimiwa,

Naandika nikiwa nimegeuza mgongo upande wa Laini Saba, kwa heshima. Kwa hivyo kama mistari imepinda, ni hiyo.

Mama, yule kijana wa dirisha namjua. Ni mtu wa mzaha, shule alionja tu, na anauza viatu vya upande moja. Kwao ni Butere. Jina yake ni Shiundu. Ni mkwe wako. Maji ilinifikia yote, asante.

Kavetsa hana makosa. Alinikataza nisije, na nikaja. Halafu akanyamaza uendelee kunipenda, na yeye akabeba jina mbaya. Mimi nimezoea kununua vitu rahisi, mama, lakini hiyo bei nimekataa. Nikasirikie mimi. Yeye mwamini.

Kitanda nilibeba kwa heshima, hiyo ni kweli mbele ya Mungu. Lakini heshima ilifika Kawangware, moyo ikabaki huko. Kwetu tunafundishwa, ukimwona mama mkwe uruke kwa mtaro. Hakuna mtu alinifundisha, ukimkosa bibi yako uruke wapi.

Ukimchukua Jumamosi sitazuia basi. Nitakuja kwenu na wazee, hata kama ni wa kuazima. Lakini nataka ujue nyumba haijaingiliwa na mtu. Ni mwenye nyumba alikuwa anatafuta mlango.

Mimi mkwe wako, kichwa chini,
Shiundu


Laini Saba
23 Oktoba 1984

Shiundu,

Mimi ni Sella ndiye naandika. Maneno ni ya mama. Pale nimeongeza yangu nimesema ni yangu, kwa hivyo usiseme chumvi.

Mkwe wangu,

Nimesikia. Barua imesomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Sella alikuwa anacheka. (Mimi Sella nasema si kweli. Mama ndiye alicheka, mpaka nikamshika bandeji isitoke.)

Mtoto wangu nilimsingizia. Nimemwomba msamaha. Alikataa, halafu tukanywa chai, akakubali.

Kwa hayo maji siombi msamaha. Kijana yeyote akipigia bibi ya Shiundu mluzi, nitammwagia, hata akiwa Shiundu.

Lakini na wewe nikuulize. Nani alikuambia ukimbie? Nyinyi watu wa Butere mmefundishwa mtaro. Kwetu Maragoli mkwe anakuja mpaka nje ya mlango, anageuza mgongo, anasalimia, anapewa uji, anaenda zake. Nimekaa hapa tangu nifike nikingoja hiyo salamu. Kila jioni namwambia Kavetsa aweke uji. Naye anaweka, ananywa mwenyewe. (Mimi Sella nasema hiyo ni kweli, amenenepa.) Mwishowe nikasema, huyu mkwe labda amesafiri mbali. Mtoto wangu amebaki peke yake na ananificha. Halafu nikasikia mluzi. Sasa wewe ungefikiria nini?

Sikiliza. Dada yangu na mkwe wake waliondoleana haya. Mkwe alileta shuka, dada yangu akampa kuku, wakashikana mkono mlangoni, watu wanaona. Tangu hiyo siku wanaangaliana kama watu. Hufanywa nyumbani, na wazee, baada ya miaka mingi. Lakini macho yangu yamekaa gizani miaka ya kutosha. Sitaki nirudishiwe macho halafu niyafunge tena kwa sababu yako.

Njoo Ijumaa jioni, kabla jua halijaingia, nikuone vizuri. Lete shuka. Kuku mimi sina hapa Nairobi, tafuta huko uje nayo, nikupe. (Ndiyo, amesema hivyo. Ulete kuku, akupe hiyo kuku.)

Basi nitapanda Jumamosi. Kama ni kiti kimoja ama viwili, nitajua nikishaona uso wako.

Na nitajuaje ni wewe? Laini Saba watu ni wengi. Piga mluzi.

Mama mkwe wako,
kwa mkono wa Sella


Kawangware
25 Oktoba 1984

Kavetsa,

Shuka nimepata, ya bluu. Kuku ni ile ilikuwa inalala upande wako wa kitanda. Mama Nduta hakutaka kuuza, nikamwambia mama, hii kuku imeshazoea familia yetu. Akanionea huruma.

Shati imeoshwa. Wabwire amenikata nywele na makasi ya kukatia kitambaa ya viti. Mbele ni sawa, nyuma usiangalie.

Tangu jana nimejaribu kupiga mluzi na midomo imekauka, inatoka upepo tu. Mimi! Nimepigia mluzi wasichana, mbwa, na hata polisi moja kwa makosa. Sasa mtu ananiambia piga, na haitoki. Omba.

Shiundu


Laini Saba
27 Oktoba 1984

Shiundu wangu,

Mama ameondoka asubuhi. Kiti kimoja.

Jana wewe ulikimbia na kuku wako kabla hata ya kumaliza uji, kwa hivyo hukusikia yaliyofuata. Mama alikaa hapo mlangoni muda mrefu amejifunga shuka. Alikuwa anaangalia ule mkono wake uliokushika. Halafu akaanza.

"Mkono wake ulikuwa unanuka kuku."

Nikasema ndiyo, mama.

"Na mluzi ulikuwa mbaya. Siku ile ya maji ulikuwa mzuri zaidi."

Ndiyo, mama.

"Masikio ni makubwa."

Ndiyo.

"Na ni mfupi. Wewe uliniambia ni mrefu."

Nikasema, mama, nilitaka umpende. Akaniangalia, Shiundu, na lile jicho jipya, jekundu bado, linatoa machozi. Akasema, "Nilishampenda kabla ya urefu."

Sikujua nitaweka uso wangu wapi. Nikaenda kutafuta chumvi tena.

Asubuhi kwa stesheni ya basi alikuwa anasoma rangi za mabasi kwa sauti kama mtoto. Aliponiaga akasema nikuambie mambo mawili. Kwanza, Krismasi uje Maragoli, upitie mlangoni kama mtu, usipitie mtaroni. Pili, hilo dirisha lako halifungi vizuri, ulirekebishe, watu wanaweza kupiga mluzi.

Sella amesikia kuna mtu huko Toi analia na gunia la viatu vya kulia. Mimi sisemi kitu. Lakini ukienda, vaa lile shati lililooshwa.

Godoro la Sella nimerudisha. Nimefagia nyumba, lakini zile alama nne za miguu ya kitanda kwa sakafu sikuzifagia. Nimepita kando kando.

Mwambie Nashon alete kitanda leo. Msipite nyuma ya reli kwa kuona haya. Piteni katikati ya Laini Saba, wale wote waliokiona kikitoka wakione kikirudi. Kuku akitaka kuja juu yake, mwache aje.

Ukifika usibishe mlango. Njoo pale dirishani upige ile ya zamani, ya bomba. Nitafungua, na sina maji mkononi.

Bibi yako,
Kavetsa